Bomba la Moshi Limesimama Juu ya Nini?

(Mazungumzo ya redio ya wiki iliyopita, kama yalivyosomwa hewani)

Wengi wetu tunaoishi mijini tunaye mama, shangazi au bibi aliyebaki kijijini, na kila tunapokwenda kumsalimia tunapenda kuacha nyuma yetu kitu kinachoonekana. Mmoja ataacha mabati, mwingine pipa la maji, mwingine taa ya mwanga wa jua. Mimi mwaka juzi niliacha jiko. Lilikuwa jiko zuri la kuni, la chuma, lenye matundu mawili ya kuwekea sufuria na tundu la tatu nyuma kwa ajili ya bomba la kutolea moshi. Nililibeba juu ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Singida, na kutoka Singida hadi nyumbani kwetu Kinampanda, wilayani Iramba. Kinampanda wengi mnaijua kwa sababu ya chuo chake cha ualimu. Wasioijua watosheke kusikia kwamba iko huku juu, kwenye uwanda wa Iramba, kabla nchi haijaporomoka kwenda mbuga za Wembere.

Nilikuwa nimechoka kumwona mama akitoka jikoni macho mekundu na kikohozi kisichokwisha. Basi nikaamua kulifunga jiko hilo mwenyewe, kwa asubuhi moja tu. Nilitoboa ukuta, nikapitisha bomba hadi nje, nikaliwekea kiwiko likapinda kwenda juu, nikalikaza ukutani kwa vipande vitatu vya bati na misumari ya inchi nne. Kwa usalama zaidi, au ndivyo nilivyodhani, nikaongeza waya wa kufungia na kuuzungushia kwenye boriti ya paa. Jioni ile moshi ulitoka juu ya paa kama wa garimoshi. Majirani walikuja kutazama. Nikarudi mjini nikijiona mtu kati ya watu.

Mwezi wa nane mwaka uliofuata nikapigiwa simu. "Baba," akasema mama, "lile dude lako limelala chini."

Upepo ulikuwa umevuma jioni, wakati jiko linawaka. Bomba likachezacheza, misumari ikang'oka, na kiwiko kikaondoka na kipande cha ukuta chenye ukubwa wa ndoo. Cheche zikaangukia mabua ya alizeti yaliyorundikwa nje kwa ajili ya kuwashia moto. Kwa bahati watu walikuwapo, mchanga ulikuwapo, na hakuna aliyeungua. Mama akaziba tundu kwa gunia, akasukuma jiko langu pembeni, akarudi kwenye mafiga yake matatu. Macho nayo yakarudi kuwa mekundu.

Ndiyo maana leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo halizungumzwi, nalo ni vyuma vinavyobeba bomba la moshi kwenye ukuta wa nje. Juu ya majiko yenyewe tumesikia mengi. Tangu miaka ya 1980 tumehubiriwa majiko banifu, majiko sanifu, majiko ya udongo, ya bati na ya matofali. Taasisi kama TaTEDO, iliyoanzishwa mwaka 1990, zimefanya kazi kubwa ya kutufundisha kupunguza kuni. Lakini mtu akishanunua jiko lenye bomba hupewa jiko, hupewa bomba, halafu huachwa peke yake na ukuta wake.

Safari hii sikujifanya fundi. Nilikwenda kwa mzee mmoja pale kijijini, mwashi wa siku nyingi, ambaye sasa hapandi tena ngazi ila hukaa chini na kuelekeza vijana. Nilipomaliza kumwamkia na kumweleza mkasa wangu, aliniuliza swali moja.

"Bomba lako lilikuwa limesimama juu ya nini?"

Nikamjibu kwamba lilishikwa na misumari na waya.

"Bwana mdogo, sikukuuliza limeshikwa na nini. Nimekuuliza limesimama juu ya nini."

Nikanyamaza, maana jibu la kweli ni kwamba halikuwa limesimama juu ya kitu chochote. Uzito wote wa bomba ulining'inia kwenye kiwiko, kiwiko kikaning'inia kwenye jiko na kwenye udongo wa tundu la ukuta, na misumari ikawa inajaribu kubeba mzigo ambao haikuumbiwa.

Nami nimelitafakari swali hilo tangu siku ile, na nimeona kwamba ndani yake mna habari yote. Bomba lililo nje ya ukuta linasumbuliwa na nguvu mbili tofauti. Ya kwanza ni uzito wake, unaokwenda chini mchana na usiku. Ya pili ni upepo, unaolisukuma ubavuni. Hizi ni kazi mbili na zinahitaji vyuma viwili tofauti. Kile cha chini kinabeba, na vile vya juu vinashika tu. Mtu akivichanganya, akataka vile vya kushika ndivyo vibebe, anajitafutia simu ya mwezi wa nane.

Tuchukue bomba la mama yangu. Lina kipenyo cha sentimita 15 na urefu wa mita 5 hivi kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kofia. Kwa bati nene kidogo la chuma, bomba kama hilo lina uzito wa kilo 15 au zaidi, na masizi yakikaa ndani yanaongeza. Kilo 15 si mzigo wa kutisha. Mtoto wa darasa la sita anazibeba. Lakini hesabu ya upepo ndiyo inayoshangaza. Upepo wa kasi ya kilomita 70 kwa saa unalisukuma bomba hilo ubavuni kwa nguvu inayokaribia uzito wake wote. Na upepo wa Singida si wa kubahatisha. Ndio huo ambao kwa miaka mingi wataalamu wamekuwa wakiupima wakifikiria kujenga mitambo ya kufulia umeme. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi, uwandani kwetu unaweza kuanika nguo ukaikuta kwa jirani wa tatu.

Ipo na nguvu ya tatu ambayo mzee aliitaja kama kwa kupita, nami ndiyo iliyonifungua macho. Bomba linakua! Chuma kikipata moto kinarefuka. Bomba la mita 5 likipata joto la nyuzi 200 zaidi ya lile la asubuhi, linarefuka kwa sentimita moja na kitu. Mama anapopika chai linapanda, moto ukizimika linashuka. Ugali wa mchana linapanda, na jioni tena. Mimi nilikuwa nimelibana bomba kwa vipande vya bati vilivyokazwa kisawasawa, nikijisifu kwamba halitikisiki. Kumbe kila siku, mara tatu, bomba lilikuwa linaing'oa misumari yangu kidogo kidogo, kama mtu anayetikisa jino bovu. Upepo wa mwezi wa nane ulikuja tu kumalizia kazi iliyoanzwa na chai ya asubuhi.

Kwa hiyo kishikizo cha juu hakibani. Kinazunguka bomba kama bangili kwenye mkono wa mtu mzima, kikaliachia nafasi ndogo ya kupanda na kushuka, lakini hakiliruhusu kuyumba. Na chuma cha chini, kile cha kubeba, ndicho kilichofungwa imara pasipo mzaha.

Sasa tuje kwenye chuma hicho cha chini. Kijana wa kuchomelea alikitengeneza kwa vipande vya engo, kwa umbo la pembetatu: kipande kimoja kimelala wima kwenye ukuta, kingine kimenyooka kutoka nje kama rafu, na cha tatu kimeegama kutoka ncha ya rafu kurudi chini ukutani. Vilitengenezwa viwili vya namna hiyo, kimoja kila upande, na juu yao kikawekwa kibao cha chuma chenye tundu la bomba katikati.

Nyosha mkono wako mbele, msikilizaji, kama uko mahali ambapo hutachekwa, na ufikirie umeshika ndoo ya maji. Utasikia bega linavutwa. Hivyo ndivyo ilivyo kwa pembetatu ile. Sehemu yake ya juu inavutwa kutoka ukutani, na sehemu ya chini inausukuma ukuta kwa ndani. Kwa hiyo bolti za juu ndizo zenye kazi. Za chini karibu zinapumzika. Na jinsi rafu inavyokuwa ndefu, ndivyo mvuto wa bolti za juu unavyokua. Mtu akiniambia atafunga bolti nzuri chini na misumari juu kwa sababu juu hakufikiki vizuri, nitajua bomba lake litaishia wapi.

Hapo ndipo ukuta wenyewe unapoingia. Kwa ukuta wa tofali la saruji au la kuchoma lililojengwa kwa saruji, bolti ya kupanuka inayouzwa dukani inatosha, mradi iingie katikati ya tofali, si kwenye kiungo. Lakini jiko la mama, kama majiko mengi ya vijijini, limejengwa kwa tofali mbichi na udongo, likapigwa lipu nyembamba. Mzee aliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akachukua msumari mmoja na kuusukuma kwa kiganja tu. Ukaingia nusu. Akanitazama. Sikuwa na la kusema.

Ukuta wa namna hiyo hauwezi kushika kitu kwa meno. Unaweza tu kukumbatiwa. Bolti inapita ukuta mzima kutoka nje hadi ndani, na kule ndani inakutana na kipande kirefu cha chuma bapa kinacholalia matofali manne au matano. Nati inapokazwa, ukuta unabanwa katikati ya chuma cha nje na chuma cha ndani, na mvuto unagawanywa kwa matofali mengi badala ya kulielemea moja. Matundu hayakupigwa kwa nyundo na tindo, kwa kuwa nyundo inapasua. Kijana alichonga ncha ya nondo, akawa anaizungusha taratibu kwa mikono miwili kama mtu anayepekecha moto wa zamani. Kila tundu lilichukua karibu nusu saa. Na matundu yote yaliinamishwa kidogo kuelekea nje, ili maji ya mvua yasifuate bolti kuingia ndani. Tofali bichi haliogopi uzito kama linavyoogopa maji.

Nimwambie na yule ambaye ukuta wake una nyufa, au umeanza kupiga tumbo: asiubebeshe kitu. Mzee alisema hapo angejenga nguzo ndogo ya matofali ya kuchoma nje ya ukuta, yenye msingi wake mwenyewe, bomba lisimame juu ya nguzo, na ukuta uachiwe kazi ya kushika tu. Ni gharama zaidi, lakini nguzo hiyo itabaki hata siku jiko litakapobomolewa.

Tundu la kupitishia bomba halikuwa na shida kubwa. Tulilipanua likawa pana kuliko bomba kwa sentimita kadhaa kila upande, tukaweka mtungi wa udongo uliotobolewa kitako, bomba likapita ndani ya mtungi, na nafasi iliyobaki ikajazwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majivu. Kipande hicho kinacholala lazima kiwe kifupi, na kipande kidogo kuelekea nje, kama sentimita 2 kwa kila mita. Moshi ni kama ng'ombe aliyeshiba, haupendi kusukumwa kwenye njia tambarare.

Mahali ambapo bomba linapinda kwenda juu, tuliachana na kiwiko. Badala yake kuna kiungo chenye midomo mitatu: mmoja unapokea moshi kutoka jikoni, wa pili unaupeleka juu, na wa tatu unatazama chini, umezibwa kwa kifuniko kinachofunguka. Kiungo hicho ndicho kinachokaa juu ya rafu ya chuma. Masizi na maji ya mvua yanaanguka kwenye kifuniko badala ya kurudi jikoni, na mtu akitaka kusafisha anafungua kwa chini bila kupanda paa. Kwa mwanamke wa miaka sabini na zaidi, hilo si jambo dogo.

Kutoka hapo bomba likapanda. Vishikizo vya kuzuia upepo viliwekwa kila baada ya mita 2 hivi, navyo pia vilifungwa kwa bolti za kupita ukuta. Kamba yenye timazi ilining'inizwa kando tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu bomba lililoinama hata kidogo linaubebesha mzigo upande mmoja.

Penye ncha ya paa ndipo tulipokwama kwa nusu siku. Bomba la bati moja, lisilo na ganda la pili, halitakiwi kukaa karibu na mbao. Kipimo kinachofuatwa katika nchi zenye majiko mengi ya kuni ni sentimita 45. Mbao inayopashwa moto kila siku kwa miaka hukauka hadi ikawa inashika moto kwa joto ambalo mwanzoni isingelijali. Ukilipandisha bomba upande ambao maji ya paa humwagikia, utakutana na paa lililochomoza, pengine nusu mita nzima, pamoja na kenchi na ubao wa mbele. Ama utoboe paa, ama ulisogeze bomba mbali na ukuta kwa rafu ndefu, na rafu ndefu tumekwisha kuona inavyovuta bolti.

Mzee alilihamishia bomba kwenye ukuta wa ubavuni, ule unaopanda kama pembetatu hadi kwenye mgongo wa paa. Kule paa halichomozi sana. Ncha za papi zilizokuwa zimejitokeza zilikatwa, na pale ambapo mbao zilibaki karibu kuliko inavyopasa iliwekwa ngao ya bati, iliyosimamishwa mbele ya mbao kwa nafasi ya sentimita 3 ili hewa ipite nyuma yake. Ngao iliyogandamana na mbao haina faida. Inazipashia joto tu. Tundu langu la kwanza lilizibwa kwa matofali, na jiko likageuzwa. Laiti ningefikiria hivyo tangu mwanzo, ningeokoa fedha na aibu.

Mwenye jiko la nyasi ndiye ambaye ningemshauri asubiri. Cheche moja ikitua juu ya nyasi za mwezi wa tisa, jiko lote limekwenda. Wala si sisi wa kwanza kujifunza hivyo. Mji wa Boston kule Marekani, ulipokuwa bado kijiji cha wahamiaji, ulipiga marufuku mabomba ya moshi ya mbao na mapaa ya nyasi mwaka 1631, baada ya nyumba kuteketea.

Juu ya paa bomba halitakiwi kuishia mdomoni mwa paa. Kanuni ni kwamba lipite paa kwa sentimita 90 mahali linapopitia, na liwe juu kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 3, uwe ni mgongo wa paa au ukuta wa jirani. Likiwa fupi, upepo unaoviringika juu ya paa unausukuma moshi kurudi chini. Lakini likizidi mita moja na nusu juu ya kishikizo cha mwisho linahitaji waya za kulishikilia kutoka pande tatu. Kofia ya mvua iliinuliwa vya kutosha ili moshi utoke kwa nafasi.

Nimeulizwa na rafiki yangu mmoja wa hapa mjini: kwa nini usilipitishe bomba ndani, moja kwa moja kupitia paa, ukaepuka vyuma vyote hivi? Ni swali la haki. Bomba la ndani linabaki na joto, kwa hiyo linavuta moshi vizuri zaidi. La nje linapigwa na baridi, na moshi uliopoa huwa mzito, mvivu, na huacha masizi mengi, hasa kuni zikiwa mbichi. Masizi hayo yakishika moto ndani ya bomba yananguruma kama lori linalopanda mlima, na hapo ndipo utajua kama vyuma vyako ni vyuma. Lakini bomba la ndani linatoboa bati, na mahali bati lilipotobolewa ndipo mvua ya mwezi wa kumi na mbili itakapopitia. Juu ya ukuta wa tofali bichi, paa linalovuja ni hatari kuliko bomba la baridi. Kwa nyumba ya saruji yenye fundi hodari wa bati, ningelipitisha ndani. Kwa jiko la mama nililipeleka nje, na bado naona nilifanya sawa.

Asubuhi za mwezi wa saba, Kinampanda ikiwa imepoa hasa, moshi wa kwanza hukataa kupanda. Dawa yake ni kufungua kile kifuniko cha chini, kuingiza ukurasa mmoja wa gazeti unaowaka, na kufunga. Hewa ya ndani ya bomba inapata joto, inakuwa nyepesi, inapanda na kuvuta ile ya jikoni. Mhariri wa gazeti hili atanisamehe nikisema kwamba mama anayapenda sana magazeti ninayompelekea.

Mama hakukubali mambo yote kwa urahisi. Aliponiona nakazania kuutoa moshi nje, aliniuliza, "Na mbegu zangu je?" Huko nyuma, katika nyumba za tembe zenye paa bapa la udongo ambazo wazee wetu wa Singida walikaa, moshi ulikuwa na kazi. Ulikausha boriti, ukafukuza mchwa na bungua, na mahindi ya mbegu yaliyotundikwa juu ya mafiga hayakuliwa na wadudu. Watu hawakuvumilia moshi kwa ujinga. Tunapouondoa tunapaswa kusema nini kinachukua nafasi yake. Kwetu mbegu zilihamia kwenye pipa linalofunga vizuri, na boriti zikapakwa dawa ya mchwa. Anayejenga bomba bila kulifikiria hilo atakuta baada ya miaka michache kwamba paa linaanza kuanguka unga.

Lakini hesabu ya upande wa pili ni nzito. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, wakiwamo watoto wadogo wengi. Serikali yetu nayo ilizindua mwezi Mei 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia moja zimeagizwa kuachana na kuni na mkaa. Ni jambo jema, na siku gesi itakapofika mlangoni kwa mama kwa bei anayoiweza, bomba langu litashushwa na vyuma vyake vitatundikiwa nyungo. Hadi siku hiyo kuni ndizo zilizopo, na moshi lazima utoke.

Kazi yote ilichukua siku nne. Nilipokwenda tena mwezi wa tisa, upepo ulikuwa umevuma wiki nzima. Nilichukua ngazi, nikapanda, nikakagua nati moja moja. Mbili zilihitaji robo mzunguko. Bomba lilikuwa la moto, na pale kwenye kishikizo cha juu niliona mstari mweupe uliokwanguliwa, mrefu kama ukucha, mahali bomba linapopanda na kushuka. Mama alikuwa chini ameshika ngazi. Akaniuliza kama chuma kimelegea. Nikamwambia hapana, ndivyo kinavyotakiwa. Akasema basi niteremke, chai imeiva.